Maswali ya Wasomaji: Gari la Chini kwenye Barabara ya Matuta

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wenye magari ya michezo: Subaru za tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), Toyota 86, Mazda RX-8, Nissan Fairlady Z, Mazda Roadster. Ni magari yaliyoshuka melini kutoka Japani na sasa yanaishi kwenye foleni, vumbi na matuta ya kwetu. Tumeyajibu pamoja kwa sababu karibu maswali yote yana mzizi mmoja. Magari haya ni mara chache kufa kwa mbio. Yanakufa kwa mambo ya kila siku: oili isiyopimwa, safari ya dakika mbili, tairi moja jipya kati ya manne.

SWALI: Hamjambo. Nina Subaru WRX STI ya mwaka 2017, injini ya EJ20 yenye tabo. Wiki iliyopita nikikata kona ndefu upande wa Limuru, taa nyekundu ya oili iliwaka kama sekunde moja, ikazimika. Fundi anasema ni sensa tu. Niendelee kuendesha? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hatujambo, ndugu. Usiiwashe injini hiyo tena kabla hujapima oili. Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha yake. Ikiwaka, maana yake huenda kwa muda huo beringi za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hazikuwa na utando wa oili wa kuzibeba, na sekunde moja kwa mwendo wa mizunguko 5,000 kwa dakika ni zaidi ya mizunguko 80 ya chuma juu ya chuma.

Kona ina sababu yake. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kushoto na mbili kulia. Gari likikata kona kwa kasi, oili inasukumwa upande wa nje, na nyingine inapanda hadi kwenye silinda hedi na kuchelewa kurudi. Sampu, karai la oili chini ya injini, ikiwa imejaa, mdomo wa bomba la kufyonzea unabaki umezama. Ikiwa imepungua lita moja, mdomo unabaki wazi, pampu inafyonza hewa, na kinachofika kwenye beringi ni povu.

Pima asubuhi, gari likiwa mahali pa usawa na limelala usiku kucha. Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Sasa kitazame pande zote mbili. Kwenye Subaru pande hizo mara nyingi hazilingani, kwa kuwa kijiti kinagusa ukuta wa bomba lake na kupakwa oili kikitoka. Amini upande unaoonyesha chini zaidi. Kati ya alama ya chini na ya juu pana kama lita 1. Ukiongeza, mimina robo lita, subiri dakika 10, pima tena. Usipitishe alama ya juu, maana kranki itaichapa oili iliyozidi mpaka itoke povu, ukarudi kwenye tatizo lile lile.

Kabla hujakifuta kijiti, dondosha tone moja kwenye kidole, lisugue kwa kidole gumba, ulitazame juani. Oili nyeusi si ajabu, kazi yake ni kubeba uchafu. Ikinuka petroli kwa nguvu, imechujuka. Lakini ukiona vimulimuli vidogo kama unga wa shaba vinavyong'aa unapogeuza kidole, hizo ni beringi zinasagika. Hapo gari lipandishwe kwenye gari la kuvutia, lisiendeshwe hata hadi gereji.

Kama kiwango kilikuwa sawa na oili ni safi, bado sensa haijathibitishwa. Mwambie fundi aichomoe, afunge geji ya presha kwenye tundu lake, injini ipashwe moto. Oili ikiwa na joto la nyuzi 80, injini ya EJ inatakiwa itoe angalau psi 14 kwenye mizunguko 600, na psi 43 kwenye mizunguko 5,000. Ikifikisha namba hizo, badilisha sensa ulale usingizi. Isipofikisha, mwage oili, kata kopo la filta, ikunjue karatasi yake kama gazeti utafute chembe za chuma. Bomba la kufyonzea nalo likaguliwe, kwa sababu kwenye injini za jamii hii limewahi kupasuka penye welding.

Baada ya hapo jiwekee desturi. Pima oili kila unapojaza tangi mara ya pili. Weka lita 1 ya oili ile ile kwenye buti. Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, hata kama kibandiko cha dukani kinaahidi 10,000. Mafundi wengi hutumia 5W-40 kwenye tabo za joto la kwetu na sisi tunakubaliana nao. Asubuhi ondoka taratibu, usipite mizunguko 3,000 mpaka sindano ya joto itulie, kisha ongeza dakika 10, kwa kuwa oili hupata moto nyuma ya maji. Ukitoka kupandisha mlima kwa nguvu, kilomita ya mwisho iende polepole ili tabo ipoe ikiwa bado inapata oili. Na ikiwa injini inakula lita nzima kabla ya kilomita 1,500, usiendelee kuongeza tu. Omba kipimo cha kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) na cha kuvuja kwa silinda, uanze na silinda ya 4, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kuvunja pistoni.

SWALI: Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa na Toyota 86 yangu ya 2018. Huku imekuwa nzito, hasa kupandisha. Gereji wamebadilisha plagi na filta ya hewa bila mafanikio, sasa wanataka kushusha injekta. (Msomaji)

JIBU: Wazuie. Gari lako halina ugonjwa, limepanda mlima. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake. Presha ya hewa pwani ni kama kilopaskali 101, Nairobi ni kama 83. Kila pistoni inaposhuka kuvuta hewa, inavuta pungufu kwa takriban asilimia 18, na kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa hiyo. Injini yako, FA20, inayotoa nguvu farasi 200 ikiwa Likoni, Nairobi inatoa kama 165. Hakuna plagi itakayorudisha hizo 35.

Ukitaka kuthibitisha bila kulipa gereji, nunua kisomeo kidogo cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari na kuongea na simu, fungua ukurasa wa data hai, utafute presha ya hewa ya nje. Ukiona 82 hadi 84 umepata jibu. Siku ukiteremka kwenda nyumbani, ukifika Voi utaliona gari lako la zamani limerudi.

Cha kubadilisha ni mguu na gia. Injini hii ina shimo la nguvu kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 hivi, na ukiwa juu kwenye hewa nyepesi shimo hilo linahisiwa zaidi. Ukipandisha, shuka gia moja na uiache injini ivuke 5,000. Ikiwa imeshapata moto haidhuriki, imetengenezwa iende hadi zaidi ya 7,000. Kinachoiumiza ni kukanyaga mguu wote kwenye gia ya 6 ikiwa na mizunguko 1,500.

Na kwa kuwa wengi huuliza: mlio kama wa nyenje unaosikika injini ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani ni wa pampu ya petroli ya presha kubwa. Ni kawaida ya injini hii. Wenye magari ya 2012 na 2013 wao wana jambo tofauti. Yaliitwa na kiwanda kubadilishiwa springi za valvu. Peleka namba ya chesisi kwa wakala ujue kama la kwako lilishafanyiwa.

SWALI: Ndani ya kifuniko cha tangi la Subaru yangu pameandikwa Kijapani. Nimeambiwa maana yake ni petroli ya okteni ya juu. Hapa Dar nikijaza petroli ya kawaida nitaiua injini? (Msomaji, Mbezi)

JIBU: Huiui kwa tangi moja, lakini ulielewe. Japani wanauza petroli za aina mbili. Ya kawaida ina okteni, yaani uwezo wa kutojiwasha kabla ya wakati, isiyopungua 89. Ya juu, wanayoiita haioku, haipungui 96 kisheria, na pampu nyingi hutoa 98 hadi 100. Kompyuta ya gari lako ilipangwa ikitegemea hiyo ya pili. Ukiipa petroli ya chini, mchanganyiko unajiwasha wenyewe kabla ya wakati, na hapo injini inagonga: sauti ya kokoto zikitikiswa ndani ya kopo, hasa ukikanyaga sana kwa mizunguko midogo. Sensa ya kugonga inasikia, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inapungua, joto la ekzosi linapanda. Mgongo ule mdogo wa pistoni ulio kati ya ringi ndio unaovunjika kwanza.

Jaza petroli ya okteni kubwa kuliko zote unayoipata, kwenye kituo chenye wateja wengi, ambacho mafuta hayakai. Foleni ya mchana ikiwa ndefu, kipoza hewa kilicho juu ya injini kinageuka jiko, kwa hiyo mkianza kusogea lipe gari dakika 2 za mwendo wa upole kabla ya kukanyaga. Ukiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu kubwa kwenye gari hilo, usinunue ekzosi. Mlipe mtaalamu aipange upya kompyuta kwa petroli ya hapa, apunguze presha ya tabo kidogo na kuchelewesha cheche, akiwa anasoma data ya kugonga wakati gari linaendeshwa. Akikuahidi farasi zaidi kwa petroli hii hii, tafuta mwingine.

SWALI: Fairlady Z yangu inakwangua kila tuta kati ya Kibaha na Chalinze. Niinyanyue au niache kuitumia? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Anza na breki zako. Wengi hufika kwenye tuta wakiwa bado wamekanyaga breki. Breki inainamisha pua, na gari ambalo lina kama sentimita 12 tu kutoka ardhini linapoteza kadhaa hapo hapo. Funga breki mapema, fika karibu ukiwa unatambaa, achia breki kabisa pua inyanyuke, ndipo upande kwa gia ya 1. Magurudumu ya mbele yakishuka, usiguse gesi mpaka ya nyuma nayo yashuke.

Tuta jembamba na kali lichukue kwa ulalo, gurudumu moja moja. Lakini washa indiketa na utazame kioo cha pembeni kwanza, kwa sababu bodaboda ataiona nafasi uliyoiacha na kuingia. Tuta pana lenye mteremko mrefu lipande moja kwa moja. Rasta hazikwangui, ila zinalegeza vibanio, kwa hiyo kila mwezi lala chini na tochi utazame karatasi ya plastiki iliyo chini ya injini. Kibanio kimoja kikikatika inaning'inia, na ndiyo unayoisikia ikiburuzika. Vibanio vya plastiki ni spea ya bei ndogo, badilisha vyote kwa mara moja.

Kama gari lilikuja na springi za kushusha, rudisha za kiwandani. Na kama kuna aliyezikata kwa gurainda, ziondolewe wiki hii hii. Springi iliyokatwa inaweza kutoka kwenye kikalio chake gari likiruka, na shokapu zilizokuwa zikifanya kazi katikati ya mwendo wake sasa zinagonga mwisho kila shimo. Zitavuja oili kabla ya mwaka.

SWALI: Nimeisogeza RX-8 kutoka uani hadi getini ili ioshwe, nikaizima. Baada ya saa moja inapiga stata tu, haiwaki. Ilikuwa nzima kabisa. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Pole, dada. Ni nzima bado, imezama kwenye petroli. Injini ya RX-8 ni ya rota, haina pistoni. Ikiwashwa ya baridi inamwagiwa petroli nyingi, na ukiizima kabla haijapata moto, petroli hiyo inaosha oili kwenye sili za rota. Bila oili sili hazizibi, bila kuziba hakuna kompresheni, na plagi zimelowa. Kila ukipiga stata unaongeza petroli nyingine.

Kwanza chaji betri ijae, au unganisha ya pili. Injini hii inataka stata izunguke kwa kasi, karibu mizunguko 250 kwa dakika, na betri iliyochoka peke yake inatosha kuizuia kuwaka. Kisha kanyaga gesi hadi sakafuni na uishikilie hapo. Kompyuta ikiona gesi yote imekanyagwa wakati wa stata, inafunga petroli. Piga stata sekunde 10, pumzisha dakika 1, rudia mara 3. Halafu achia gesi, piga stata kawaida. Ikianza kukohoa, isaidie kwa gesi ndogo na usiiachie izime.

Ikikataa, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na ufungue plagi zote 4. Ziko upande wa kushoto wa injini, na fundi hufika kwa urahisi zaidi akitoa gurudumu la mbele kushoto. Kila rota ina plagi ya juu na ya chini, nazo si za aina moja, kwa hiyo ziwekwe alama zisije zikabadilishana. Piga stata mara 2 au 3 plagi zikiwa nje, petroli itatoka kwa mvuke. Mtu yeyote asiwe na sigara karibu, na waya za koili ziwe zimechomolewa. Kwa sirinji, weka oili safi ya injini mililita 5 hadi 10 kwenye kila tundu la chini, zungusha kidogo kwa stata ili isambae, funga plagi kavu au mpya, rudisha fyuzi. Ikiwaka itatoa moshi mweupe mzito dakika kadhaa. Hiyo ni oili uliyoiweka, acha imalizike.

Siku nyingine isukume kwa mikono, au ukiiwasha iache mpaka sindano ya joto ipande. Ukilazimika kuizima mapema, ipandishe hadi mizunguko 3,000 kwa sekunde 10, achia gesi, zima inaposhuka.

Jambo la pili litahifadhi injini yako. RX-8 inakula oili kwa makusudi. Kuna pampu inayoinyunyizia sili oili iungue nayo. Pima kila unapojaza petroli, siyo kila mwezi. Koili nazo zikifika kilomita 50,000 hivi huanza kudhoofika, petroli isiyoungua inaingia kwenye kichujio cha ekzosi, kinaziba, na joto linarudi kwenye injini. Zibadilishe zote 4 pamoja na plagi. Mtu akikuuzia RX-8 nyingine, usikubali kipimo cha kompresheni cha geji ya kawaida. Inatakiwa geji ya rota inayotoa namba 3 kwa kila rota. Kipimo cha injini mpya ni kilopaskali 830, kikomo cha chini ni 680, na namba za rota moja zisipishane kwa zaidi ya 150.

SWALI: Tairi moja la WRX yangu limepasuka. Naweza kununua moja tu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kama yale matatu ni mapya, ndiyo. Vinginevyo hapana. Gari linalovuta magurudumu yote manne lina difu ya katikati, gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi moja likiwa kubwa kuliko mengine, difu hiyo inadhani muda wote gari linakata kona, inapata moto, na mwisho inakufa. Subaru inataka mzunguko wa matairi usipishane kwa zaidi ya milimita 6. Ukizigawa kwa hesabu ya duara, hizo ni milimita 1 tu ya kina cha meno. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kwenye kila tairi gari likiwa juu ya jeki na upepo ukiwa sawa, uandike namba nne. Dalili ya kuchelewa ni gari kukaza na kurukaruka ukigeuka kwa mduara mdogo kwenye maegesho.

Kwa matairi ya mtumba, tafuta namba 4 kwenye duara dogo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililovuka miaka 6 usilifunge kwenye gari linaloweza kwenda kasi hivi, hata meno yakiwa marefu.

SWALI: Shikamooni. Nataka kuagiza gari langu la kwanza la michezo. Karatasi ya mnada ina herufi nyingi, nianzie wapi? (Msomaji, miaka 24, Kisumu)

JIBU: Marahaba, kijana. Anzia na umri. Kenya haipokei gari lililovuka miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo usipende picha kabla ya kuuliza mwaka. Kwenye karatasi ya mnada, inayoeleza hali ya gari huko Japani, daraja R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, XX ni pati iliyobadilishwa, S ni kutu. Namba inayofuata herufi ni ukubwa: A1 ni kidogo, A3 ni kubwa. W na XX zikijikusanya kona moja ya mbele, lile gari liligonga kitu, hata kama daraja ni 4.

Likishafika, lijaribu. Gia ya 4, mwendo wa kilomita 50, kanyaga mguu wote: mizunguko ikipanda na gari lisipopanda nayo, klachi imekwisha. Toka gia ya 2 kwenda ya 3 kwa haraka kiasi, ikikwaruza giaboksi inadai. Na kabla ya kulipia bima kubwa, orodhesha kila kilichobadilishwa, rimu, ekzosi, tabo, ili siku ya madai kampuni isipate pa kukwepea.

SWALI: Roadster yangu inalowa mazulia kila masika, na paa halivuji. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Maji ya paa la turubai hushuka kwenye mifereji nyuma ya viti na kutoka chini ya gari, mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani na vumbi vikiziba tundu, yanamwagikia ndani. Fungua paa nusu, tafuta tundu kila kona nyuma ya viti, lipitishie uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi. Usitumie waya, utatoboa bomba, wala upepo wa kompresa, utalichomoa. Mimina nusu lita ya maji polepole huku mtu akitazama chini. Kisha nyanyua zulia lote, kwa sababu sponji ya chini yake inashika maji wiki kadhaa na kwa chumvi ya pwani sakafu itakula kutu bila wewe kuona.

SWALI: Mimi ni baharia, gari langu linakaa wiki 6 hadi 8 bila kuendeshwa. Mke wangu aliwashe kila Jumapili dakika 5? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mwambie shemeji yetu alipumzishe. Dakika 5 hazichemshi oili, zinaacha maji na petroli ndani yake na zinachukua chaji kwenye betri kuliko zinavyorudisha. Aidha aliendeshe dakika 30 barabarani, au lisiguswe.

Kabla ya safari badilisha oili kama imekaribia muda wake, jaza tangi ili mvuke usipate nafasi, ongeza upepo wa matairi psi 5 juu ya ile iliyoandikwa mlangoni. Chomoa waya hasi wa betri, au acha chaja ndogo ya kuitunza. Usivute breki ya mkono, maana pedi zinaweza kushikana na diski. Weka gia ya 1 na vigingi viwili kwenye magurudumu. Funika kwa turubai linalopumua, kamwe si nailoni.

Ukirudi, rudisha waya, shusha upepo, pima oili, tazama chini kama kuna tone jipya. Diski zitakuwa nyekundu kwa kutu ya hewa ya bahari. Toka getini taratibu, kanyaga breki kwa upole mara 4 au 5 kwenye kipande kitupu cha barabara, mpaka sauti ya kusaga iishe na pedali iwe ngumu mguuni.